Wa Arizona: kodi ya jimbo unaweza kuipeleka benki ya chakula badala ya serikalini, mwisho Aprili 15

JuaKali_PHX (mwenye uzi)
Habari za Jumapili wakuu. Huu uzi ni wa wanaokaa Arizona, wa majimbo mengine mtanivumilia.

Nina hasira kidogo acha nizitoe kwanza. Nipo Phoenix mwaka wa tisa huu, kodi yangu miaka yote anajaza jamaa mmoja ana kiofisi pembeni ya sehemu ya kufulia nguo, namlipa kila mwaka bila kupunguza hata senti, na hajawahi hata siku moja kunitajia hiki kitu. Nimekuja kuambiwa na Mmeksiko tunayefanya naye zamu ya usiku ghalani. Ananiuliza mwaka huu kodi yako ya jimbo umempa nani, nikamwambia nimelipa jimbo, nimpe nani mwingine? Jamaa alicheka mpaka akaweka boksi chini.

Iko hivi. Ukitoa hela kwa shirika linalosaidia familia zenye shida, na shirika hilo liwe kwenye orodha ya idara ya mapato ya jimbo, hiyo hela inakatwa kwenye kodi yako ya jimbo dola kwa dola. Sio inapunguza mapato yanayotozwa, hapana, inakata kodi yenyewe, wenyewe wanaita krediti. Kwa mwaka wa kodi 2024 mtu mmoja mwisho 470, mke na mume wanaojaza pamoja 938. Na utamu wenyewe ni kwamba 2024 imepita lakini ukitoa leo mpaka Aprili 15 mwaka huu 2025 bado unaruhusiwa kuihesabu kwa mwaka uliopita.

Nimekaa mezani na mke wangu usiku wa jana tukapiga hesabu na kalamu. Mimi na yeye jumla tuliingiza 78,000. Toa 29,200 ambayo hawaitozi kwa wanandoa, inabaki 48,800. Arizona wanatoza 2.5% kwa wote, tajiri masikini, inakuja 1,220. Watoto wawili wanakata mia mia, 1,020. Sasa tukitoa 938 kwa benki ya chakula, wale wanaogawia wenye shida chakula bure, tunabaki kudaiwa na jimbo dola 82. Themanini na mbili! Na kazini walishatukata 1,560 mwaka mzima. Maana yake rifandi, ile hela wanayokurudishia wakikukata zaidi, inatoka 540 inakuwa 1,478. Ile 938 niliyotoa inarudi yote, kasoro ya kuisubiri tu.

Nani ameshafanya hii aseme ukweli, isije ikawa nimeota.

Bwana Risiti
Hujaota mkuu, mi natoa toka 2014. Zamani ilikuwa lazima ujaze yale makaratasi marefu ya kuorodhesha matumizi ndo uipate, kuanzia kodi ya 2013 wakaondoa hicho kikwazo, ndo wafanyakazi wa kawaida wakaanza kuiona. Wazee wa hapa bado wanaiita krediti ya masikini wanaofanya kazi, jina la zamani, ndo maana wengi wanasikia wanadhani ni msaada wa kuomba na wanaona aibu.

Shirika ili liingie kwenye orodha linatakiwa angalau nusu ya bajeti yake itumike kwa wakazi wa Arizona wenye kipato cha chini, au wanaopokea TANF, ule msaada wa serikali kwa familia masikini, au watu wenye ulemavu wa mwili au magonjwa ya kudumu. Kila shirika lina namba yake ya tarakimu tano, hiyo namba unaiandika kwenye fomu 321, afu jumla inaenda fomu 301. Basi. Dakika kumi. Huyo mtu wako ama hajui kazi ama mvivu.

Kimbunga254
Wacha wee! Sasa serikali gani inapeana pesa hivo? Huku kwetu Kenya ukipea charity pesa inatolewa tu kwa income yenye inatozwa, si kwa tax yenyewe, na lazima hiyo charity iwe na cheti ya exemption kutoka KRA. Afu kuna ile housing levy 1.5% naona tu imekatwa kwa payslip, hakuna mtu aliniuliza ningependa iende wapi. Na nyinyi mnalipa 2.5% mnachaguliwa na pa kupeleka. Nipeeni viza.

JuaKali_PHX
@Kimbunga254 hiyo 2.5 ni ya jimbo tu ndugu yangu, bado ya taifa, ya Washington, hujaikuta, ile haina mzaha.

BintiTanga
Mimi niwape kilichonikuta ili msikosee. Mwaka juzi nilisikia hii habari juujuu salon, nikaja nikajumlisha fungu la kumi langu la kanisani mwaka mzima, nguo na makochi niliyopeleka kwenye duka la mitumba la hisani, na mchango wa msiba wa kaka yetu yule tuliyemsafirisha Moshi. Nikaona aah nimeshapita 421 (ndo ilikuwa kiwango cha mtu mmoja 2023) nikaandika.

Barua ikaja. Yote ilikataliwa. Kanisa haliko kwenye orodha, na nguo hazihesabiki hata zikipelekwa kwa shirika lililopo, wanataka hela taslimu, na msiba ndo kabisa, ule mchango ni wa mtu kwa mtu. Nikarudisha hela na riba juu. Roho iliniuma kwa sababu ukweli nilitoa, tena nilitoa zaidi ya hiyo 421, ila nilitoa kwa namna yetu.

Bwana Risiti
Pole dada. Hilo la kanisa linawakuta wengi. Kuna makanisa yana kitengo cha kulisha watu kimesajiliwa peke yake na kipo kwenye orodha, hapo inakubalika, lakini bahasha ya Jumapili hapana. Na kujitolea kufanya kazi pia hawahesabu hata ukipanga makopo mpaka mgongo ukatike.

Sharifu wa Lamu
Asalaam aleikum. Swali langu mnijibu kwa utaratibu. Sadaka inayorudi mfukoni, hiyo ni sadaka? Na je mtu anaweza kuinuia zakka?

Mchambuzi Huru
Sharifu umeuliza swali ambalo wote wanalikwepa. Tuite kitu kwa jina lake jamani: mwenye uzi hatoi sadaka, anatoa hela ya serikali. 938 ile ilikuwa iende kwenye hazina ya jimbo ilipe walimu na barabara, yeye anaichepusha anaipeleka anakopenda afu anapewa risiti ya mtu mwema. Yeye ametoa nini cha kwake? Hata senti moja hajatoa.

Na ubaya hauko kwenye benki ya chakula, mlango ukishafunguka wanapita na wengine. Hiyohiyo Arizona wana krediti ya namna hii kwa mashirika yanayolipia watoto ada za shule binafsi, zikiwemo za dini. Watu wakashtaki, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 2011 majaji watano kwa wanne wakasema hao walalamikaji hawana haki hata ya kushtaki, kwa sababu hela haijawahi kuingia hazina, ni hela ya mlipakodi mwenyewe ameamua kuitoa. Jaji Kennedy ndo aliandika hukumu. Jaji Kagan akawapinga vikali, akasema kutoa hela hazinani na kusamehe kodi ni kitu kimoja. Mi nipo na Kagan.

Kimbunga254
Sasa hii imekuwa lecture 😂 endeleeni nimeleta njugu

JuaKali_PHX
@Mchambuzi Huru nakuheshimu lakini hapo kuna kitu hukukiona, acha nieleze.

Tulifika hapa Juni 2016. Ambaye hajawahi kutua Phoenix mwezi wa sita hajui, unatoka uwanja wa ndege unadhani mtu amefungua mlango wa tanuri. Wiki ya tatu hela tuliyokuja nayo imeisha, cheki ya kwanza ya kazi bado siku kumi na mbili, mke wangu ana mimba ya miezi saba. Jirani akatupeleka benki ya chakula ya St. Mary's kwenye foleni ya magari. Hakuna aliyetuuliza maswali mengi, kijana amefunga kitambaa kichwani amelowa jasho akafungua buti akaweka boksi na kabichi mbili juu yake akapiga bodi ya gari mara mbili, nenda. Nyumbani tukafungua: mchele, maharage, siagi ya karanga, samaki wa kopo, na kopo moja la boga lililopondwa ambalo mke wangu alilihifadhi mpaka mtoto akazaliwa, alidhani ni chakula cha kichanga. Tulirudi pale mara nne.

Sasa mimi sina utajiri wa kusema nitatoa 938 yangu kavukavu, nikifanya hivyo kodi ya nyumba italala. Lakini hii ambayo nitailipa hata iweje, nikiambiwa chagua, nitachagua wale walioniwekea kabichi. Wewe ita unavyotaka.

Afu nimekuja kujua hivi majuzi tu kwamba pale ndo benki ya chakula ya kwanza duniani, ilianzishwa 1967 na mzee mmoja anaitwa John van Hengel, alikuwa anajitolea kwenye jiko la supu, akakutana na mama anachakura mapipa ya supamaketi kutafuta chakula cha wanawe, yule mama ndo akampa wazo kwamba kungekuwa na mahali kama benki, wenye chakula kingi wanaweka na wenye njaa wanachukua. Nimekula pale sijui hata nilipokula.

Mchambuzi Huru
Hilo la kabichi silipingi mkuu na sina neno la kulijibu. Hoja yangu ni ya sera: mashirika yenye jina kubwa na hela ya matangazo ndo yatapata, yule mama mwenye kijishirika huko mji wa Yuma nani atamchagua? Bajeti ya jimbo ina watu wanaipigia kura, kabichi haina.

Mla Ndizi
Nipo Dar nasoma huu uzi nachekea tumboni. Hii sheria ingeletwa bongo, wiki ya pili kuna mashirika elfu nne ya kusaidia yatima, yatima wenyewe kumi na mbili wanazungushwa kupigwa picha.

Bwana Risiti
😂😂 Hata huku wapo mkuu. Mwaka jana dada mmoja alinitumia risiti aliyouziwa na mtu, ametoa 50 kaandikiwa 400. Nikamwambia chana. Jimbo lina namba ya shirika na wana uwezo wa kuuliza, ukikamatwa ni wewe uliyeweka sahihi, muuzaji ameshahama.

Sharifu nirudi kwako, mimi ni Mkristo sitakugusia zakka, ila upande wa kodi jua hili: toka 2019 IRS, wale wa kodi ya taifa, walisema ukirudishiwa na jimbo huwezi tena kuiorodhesha hiyohiyo kama mchango kwenye kodi ya taifa. Hela moja huili mara mbili. Wengi wetu tunaochukua punguzo la kawaida, kama ile 29,200 ya mwenye uzi, haitugusi.

Ummu Hafsa
Wa aleikum salaam Sharifu. Mimi nilimuuliza sheikh wa msikiti wetu hapa Tempe jambo hilohilo. Aliniambia zakka usiichanganye na hesabu za kodi, zakka ina watu wake wametajwa na inatoka kwenye mali yako inatoka moja kwa moja, hairudi. Hii fanya kama sadaka ya kawaida na nia yako Mungu anaijua. Mimi ninachofanya, rifandi ikirudi ile sehemu naitoa tena, mara hii kwa ndugu zangu nyumbani Unguja. Kwa hiyo dola ileile imezunguka mara mbili. Nafsi yangu imetulia hivyo.

Sharifu wa Lamu
Jazakillahu kheir. Hapo nimeelewa.

Mama Watatu
Jambo bandugu. Miye niko Tucson, nilitoka Uvira, nikakaa ku kambi ya Nyarugusu myaka kumi na tatu mbele ya kuja huku. Niko na batoto batatu, bwana hayuko. Natumika ku hoteli, kusafisha byumba. Nasoma hii mambo yenu naona ni ya batu ba makuta mingi. Miye mwaka yote niliingiza 36,140. Hii inanifaa kitu gani? Munisaidie kuelewa polepole, msinichekeshe.

Bwana Risiti
Mama karibu, hakuna wa kukucheka hapa. Tupige pamoja. Wewe ni mkuu wa kaya na wanao, kwa 2024 jimbo haligusi 21,900 ya kwanza. 36,140 toa 21,900 ni 14,240. Mara 2.5% ni 356. Watoto wote wako chini ya miaka 17?

Mama Watatu
Ndiyo. 15, 11 na 8.

Bwana Risiti
Basi mia mia tatu, 300. Unabaki unadaiwa na jimbo dola 56 tu. Hiyo ndo kodi yako yote ya Arizona. Maana yake wewe mama usije ukasikia 470 ukakopa ukatoe 470, kwa sababu krediti hii hairudishi zaidi ya kodi unayodaiwa. Ukizidisha, kinachozidi kinasogezwa miaka mitano mbele, kinapungua polepole, lakini hela itakuwa imekutoka leo na wewe unaihitaji leo. Kikomo chako wewe ni 56. Ukitaka. Usipotaka hujakosea chochote.

BintiTanga
Hapo ndipo ninapomuelewa Mchambuzi. Mwenye 78,000 anachagua pa kupeleka 938, mama anayesafisha vyumba kumi na sita kwa siku anachagua pa kupeleka 56.

JuaKali_PHX
Kweli kabisa hilo dada, sina utetezi.

Wengine walioniuliza inbox: ndiyo kuna orodha ya pili ya mashirika ya watoto ambao serikali imewachukua ikawaweka kwa walezi, hiyo ni tofauti, fomu 352, kiwango chake kwa 2024 ni 587 mtu mmoja na 1,173 wanandoa, na unaweza kuchukua zote mbili kama kodi yako inatosha. Kuna ya shule za umma 200 kwa mmoja na 400 kwa wanandoa, hiyo inahesabu hata ile ada unayolipa mwanao acheze mpira au aende safari ya shule, nimelipa ada ya mpira miaka mitatu na risiti nimetupa, sitaki hata kuongelea.

Na kwa wasio na 938 ya kutoa kwa mkupuo, kuna fomu A-4 pale kazini ndo inaamua wakukate jimbo kiasi gani. Usipojaza wanakata 2%. Mimi jana nimeandika nusu asilimia, tofauti inayobaki kwenye cheki naituma 78 kila mwezi. Kwa hiyo simkopeshi mtu. Ila hii fanyeni mkiwa na nidhamu, ukiacha kutuma halafu umepunguza makato, Aprili utalia.

Kimbunga254
Si ukopeshe serikali tu bro, angalau huwezi kula hiyo pesa 😂

JuaKali_PHX
Mrejesho wakuu. Nilitoa Aprili 9 kwa simu, risiti ikaja kwa imeili palepale, nikajaza mwenyewe bila yule jamaa. Rifandi imeingia Mei. 1,478, imekaa vilevile kama kwenye karatasi ya mezani. Yule jamaa nilimpitia ofisini kumuuliza tu kwa nini hakuniambia, akasema "hukuuliza".

Viwango vya kodi ya 2025 vimepanda, 495 mtu mmoja, 987 wanandoa. Mnaotoa kwa mwaka huo shikeni hivyo.

Mama Watatu
Bandugu na miye nilifanya. Nilitoa 56 ku ile benki ya chakula ya huku Tucson, kule tulikwenda kuchukua unga na mafuta wakati tulifika. Mukubwa wangu wa 15 njo aliandika ku simu, miye nikamwambia ongeza wane zifike 60, akasema mama wane hazitarudi, nikamwambia najua.

Swali yangu moja: ile karatasi ya risiti niitupe ama niiweke?

Bwana Risiti
Iweke mama. Miaka minne usiitupe. Ziweke na vyeti vya watoto.